Hali ya Daraja

Fundi kaja saa nne, Mhina, kijana wa Muheza,
beji shingoni, viatu kavivua mlangoni.
Kutoka nguzo ya Barabara ya Kumi na Mbili
kauvuta uzi mweusi juu ya bati la jirani,
kautoboa ukuta wetu wa chokaa.
Ndani ya uzi, kaniambia, mna kioo
chembamba kushinda unywele,
na ndani ya kioo mwanga. Basi. Hamna kingine.

Kakifunga kisanduku cheupe chini ya saa ya ukutani,
mgongoni kimebandikwa MALI YA KAMPUNI.
"Hiki, mama, ndiyo modemu, ndiyo ruta, ndiyo kila kitu.
Kisiguswe."

Nami nikaitoa kabatini, ndani ya kanga,
ruta ya marehemu Mbaruku, mdogo wangu.
Nyeusi, antena tatu, moja imefungwa gundi ya karatasi.
Matundu yake nimeyapiga mswaki tangu alfajiri.
Miaka sita ilikaa juu ya rafu
dukani kwake, Barabara ya Nane:
kompyuta nne, feni moja,
watoto wa shule wakigombea kuchapa fomu za mikopo.
"Nataka itumike hii."

Mhina kaitazama
kama daktari anavyoitazama dawa ya mizizi.
"Ya zamani hii, mama. Itapunguza kasi."
"Kasi ya nini? Naongea na mwanangu Tabora,
sirushi ndege."

Kachomeka waya wa manjano, shingo upande.
Taa zikawaka huku na huku, mtandao ukagoma.
Cheupe kinagawa anwani, nyeusi nayo inagawa anwani,
kila mmoja anajiita mwenye nyumba,
na simu yangu katikati kama mtoto wa talaka,
haijui leo inalala kwa nani.
"Si unaona," akasema, "fahali wawili..."
Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Hapo ndipo nilipolisikia hilo neno.
Ipo hali, ndani ya kile cheupe, inaitwa daraja.
Kikiwekwa hivyo hakigawi, hakiulizi, hakihesabu wageni.
Mwanga unafika, unageuzwa, unapita.
Kukiondoa kabisa haiwezekani:
ruta yetu haijui kusoma mwanga.
Basi kibaki, kifanye kazi yake ya mlangoni,
ndani kuna wenyewe.

Akapiga simu ofisini. Ofisi ikampigia muziki.
Wakataka namba ya mkataba, wakataka sababu,
wakasema mteja akiharibu ni juu yake.
"Ni juu yangu!" nikaitikia toka jikoni. "Waambie!"

Saa nane kasorobo taa nyekundu ikawa kijani.
Kwenye simu likachomoza jina, herufi kubwa,
vile vile alivyoliandika mwenyewe:
MBARUKU INTANETI KARIBUNI.

Kwa hilo nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.
Sikujiandaa kwa lililofuata.
Ng'ambo ya uchochoro, kwa Mwantumu,
aliyekuwa akiuza bajia kibarazani pa duka,
simu yake kuukuu yenye ufa wa kioo
ikalia, ikalia tena, ikalia mfululizo.
Kaja mbio, mikono imejaa unga wa dengu:
"Kuna nini? Mie sijaigusa!"
Haikuguswa. Ililikumbuka jina,
ikalikumbuka na neno la siri,
ikaingia yenyewe bila hodi,
kama yeye alivyokuwa akiingia kuomba chenji.

Tukaiangalia, sote watatu,
meseji za miezi zikimiminika.
Bajia zikaungua.

Mhina akafunga mkoba, macho chini.
"Nywila ubadilishe, mama.
Mtaa mzima utakuja kuchota kisimani kwako."
Nikamwambia haya, mwanangu, nitabadilisha.

Jana usiku nimefungua orodha:
simu kumi na moja,
nyingine wala sijui za nani.
Sijabadilisha.
Na kile cheupe hakiulizi.